Orodha ya Ijumaa

Jumamosi, 2 Desemba 1978. Mbeya.

Fundi kaondoka leo asubuhi kwa treni ya Dar es Salaam. Siku tisa alizokaa hapa ameifunga kompyuta kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitanda, akaitia Unix, programu ya kuiendesha, kutoka kwenye tepu, akaiwasha, ikachapa alama moja ndogo kwenye karatasi, ikanyamaza kungoja amri. "Sasa ni yako, Verediana," akaniambia. Akanipa funguo za chumba na kitabu kinene, akapanda gari bila kugeuka nyuma.

Naandika daftari hili ili nikumbuke kila nilichofanya na lini. Mfumo uliokwisha kuingizwa si mfumo uliokwisha kupangwa. Ni nyumba iliyoezekwa tu, haina milango wala kitasa, na mvua ndiyo hiyo imeanza.

Na kazi yenyewe haina mzaha. Mradi wetu unagawa vidonge vya kifua kikuu kwa wagonjwa mia nane na kumi na wawili wanaoishi kando ya barabara kuu, kuanzia hapa hadi upande wa Iringa. Kila Ijumaa ya pili gari linatoka, linasimama vituo kumi na vinne, wagonjwa wanangoja barabarani, wanaitwa majina, wanapewa vidonge vya siku kumi na nne. Tangu vita ya Kagera ianze, dawa zinakuja nusu, na gari letu kubwa limechukuliwa na jeshi. Daktari Liberatus, mkuu wetu, amesema anataka orodha safi. Hataki kidonge kilale kwenye boksi kwa jina la marehemu wakati aliye hai anakohoa damu. Aliye kwenye orodha atapewa, asiyekuwepo hapewi. Orodha hiyo ndiyo kompyuta itakayoitoa, na kompyuta ni mimi.

Jumapili, 3 Desemba

Misa. Mvua. Nimefua soksi.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimeanza na tarehe. Mashine ilikuwa inadhani bado ni siku ile fundi aliyoizima mara ya mwisho. Nikaiambia leo ni lini na sasa ni saa ngapi, ikakubali bila ubishi. Laiti watu wangekuwa hivyo.

Kisha neno la siri. Mtumiaji mkuu wa Unix anaitwa root, yaani mzizi. Anayeingia kwa jina hilo anasoma kila kitu na anafuta kila kitu, wala mashine haimwulizi kama ana hakika. Fundi alimwacha bila neno la siri, mlango wazi. Nimeliweka. Nalijua mimi peke yangu na hata humu sitaliandika.

Jumanne, 5 Desemba

Nimewafungulia wachapaji watatu majina yao, herufi ndogo zote: matilda, lea, damari. Kila mmoja ana mashine yake ya kuchapia iliyounganishwa na kompyuta, sehemu yake kwenye diski na neno lake la siri. Ruhusa nimezibana. Lea hawezi kugusa faili za Damari, Damari hawezi hata kuzisoma za Matilda, na orodha kuu ni yangu tu. Kila kadi ya mgonjwa inayochapwa inabeba jina la aliyeichapa, kwa hiyo kosa likitokea najua nimshike nani.

Matilda ni wa kwetu Iringa, mnene, mcheshi. Lea na Damari ni Wanyakyusa. Damari ndiye mwenye vidole vyepesi kuliko wote. Mumewe ni askari, aliondoka na kikosi mwezi uliopita kwenda Kagera, na tangu hapo hajapata barua. Anachapa kama anayekimbizwa.

Alhamisi, 7 Desemba

Ndani ya Unix kuna karani asiyelala. Unampa ratiba, naye anafanya kazi saa ile ile hata ukiwa kwenu. Nimempa kazi mbili. Kila Alhamisi ya pili saa kumi jioni atachapa orodha ya Ijumaa. Na Jumatatu inayofuata, tukishaingiza alama za waliochukua dawa, atamfuta kila mgonjwa ambaye hakutokea mara tatu mfululizo.

Mzee Sedekia amekuja kuangalia. Yeye ndiye aliyekuwa na orodha zote kwenye madaftari na kadi kwa miaka saba, akisafiri na gari, na wagonjwa anawajua kwa sura na kwa kikohozi. Nilipomweleza juu ya kufuta, alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Mtu anaweza akakosa mara tatu, mwanangu, na bado akawa mtu."

Nikamwambia ndiyo, lakini dawa ni chache. Akasema haya.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimebandika masharti ukutani. La kwanza: usimpe mwenzako neno lako la siri. La pili: usichape kadi ya mwenzako. La tatu: usizime mashine bila kuniita. Daktari ameyasoma, akasema hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kuwa. Nimetembea na maneno hayo siku nzima.

Alhamisi, 14 Desemba

Damari amekuja na kadi mkononi, namba 214. Amesimama mlangoni muda mrefu kabla sijamwona.

"Dada, hii moja nichapie wewe."

Nikadhani mwandiko wa Mzee Sedekia umemshinda. Nikaitazama. Jailos Mwasomola, Igawa, mwaka wa pili wa dawa. Mwandiko safi kabisa.

"Huwezi kuisoma?"

"Kusoma naweza. Ni jina la baba mkwe wangu."

Nilikuwa na faili iliyoharibika, na sijala tangu asubuhi. Nilimjibu, "Mashine haina mkwe, Damari. Chapa."

Akaenda akachapa. Nilisikia mashine yake ikigonga, sikufikiri tena.

Jumatano, 20 Desemba

Nimewagombeza Lea na Damari. Lea kakutwa ameketi kwenye mashine ya Damari na kadi za Damari. Nilisema mbele ya wote kwamba atakayechapa kadi ya mwenzake nitampeleka kwa Daktari. Lea akalia. Damari hakulia, aliniangalia tu mikono.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Barua ya mama kutoka Kihesa: mahindi yameota vizuri, mbwa amekufa, niolewe lini.

Ijumaa, 29 Desemba

Umeme umekatika mara nne. Kila ukikatika ghafla diski inabaki na maneno nusunusu, na inanibidi niikague yote, kipande kwa kipande, kabla ya kuwaruhusu wachapaji waingie. Ukungu umeshuka hadi dirishani. Mikono imekufa ganzi.

Jumanne, 9 Januari 1979

Kadi zote mia nane na kumi na mbili zimeingia. Tepu ya akiba nimeitoa, nimeibandika tarehe, nimeifungia kabatini. Nimecheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu.

Daktari aliniuliza jambo. Gari lililobaki lina nafasi ya dereva, mtu mmoja na mapipa ya petroli. Aende nani, Mzee Sedekia au Kasian, mganga msaidizi mpya anayejua kupiga sindano? Nikasema Kasian. Nilisema hivi, nayaandika maneno yangu yalivyo: orodha inamjua kila mtu, hatuhitaji tena anayewajua. Daktari akakubali. Mzee Sedekia amepelekwa stoo kuhesabu chupa.

Ijumaa, 12 Januari

Orodha ya kwanza imetoka. Karatasi ndefu, safi, kila kituo na watu wake. Gari limeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenye mvua.

Damari kaniuliza kama ni kweli Mzee Sedekia hayumo garini. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama anaweza kurudishwa, japo kwa kituo cha Igawa tu. Nikamwuliza tangu lini mchapaji akapanga safari za gari.

Jumatatu, 15 Januari

Wagonjwa mia saba na tatu wamepata dawa. Waliobaki hawakutokea. Kasian anasema mito imejaa, watu hawavuki.

Ijumaa, 26 Januari

Orodha ya pili. Mvua usiku kucha. Damari ameomba aione karatasi ya Igawa kabla haijaondoka. Nikamweleza kwa upole, nadhani ilikuwa kwa upole, kwamba orodha kuu ina ruhusa yangu tu, na sababu zake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema asante.

Matilda ananiambia Damari ana shida nyumbani. Nani hana?

Jumamosi, 3 Februari

Nimepitia majina ili kutafuta makosa. Machache sana. Kwenye vituo vya upande wa Usangu kuna watu sita wanaoitwa Malafyale. Nimedhani ni ukoo mkubwa.

Jumanne, 6 Februari

Umeme hakuna. Tumekaa gizani na makoti.

Ijumaa, 9 Februari

Orodha ya tatu. Damari ameomba ruhusa ya siku mbili aende Igawa. Nikamwuliza kuna nini. Akasema mzee hayuko vizuri. Nikamwuliza kama anapata dawa, akasema ndilo analotaka kujua. Nikamwambia asubiri hadi alama ziingie Jumatatu, maana karatasi ndizo zitakazosema.

Nilimaanisha nitatazama. Sikutazama.

Jumatatu, 12 Februari

Karani wa ndani amefanya kazi yake ya kwanza ya kufuta. Wagonjwa thelathini na wanane wametoka. Daktari amefurahi kwa ajili ya dawa zilizookolewa. Zimepelekwa Mbalizi, ambako wapya wanangoja.

Alhamisi, 15 Februari

Damari hajaja kazini.

Ijumaa, 16 Februari

Hajaja. Hakuna barua wala salamu. Nimelibadilisha neno lake la siri, asiweze kuingia mpaka apite kwangu. Kitabu kinashauri hivyo kwa mtumiaji asiyejulikana alipo.

Jumatano, 28 Februari

Jumatano ya Majivu. Padre katukumbusha kwamba sisi ni mavumbi. Damari bado. Lea anafanya kazi za watu wawili na hanisemeshi.

Alhamisi, 8 Machi

Mzee Sedekia amekuja na karatasi za orodha tatu za kwanza, zile zilizorudi na alama za Kasian. Zilikuwa zimetupwa stoo zifungiwe chupa. Ameziweka mezani kwangu, ameweka kidole.

"Huyu Malafyale wa Igawa ni nani?"

Nikasema ni mgonjwa. Akasema yeye kagawa dawa Igawa miaka saba na hakuna mgonjwa wa jina hilo. Malafyale si jina. Malafyale kwa Kinyakyusa ni chifu.

Nikaiambia mashine initafutie kwenye tepu ya akiba. Malafyale sita, wote wamechapwa na damari. Nikazitoa kadi zenyewe kwenye droo, moja moja. Jailos Mwasomola, Igawa. Jailos mwingine wa Chimala. Wote sita ni Jailos. Wote sita walifutwa tarehe kumi na mbili Februari.

Mzee Sedekia aliketi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. Mwanamke wa kwao akiolewa, baba mkwe hatamkwi. Haonwi uso, njiani anapishwa, na jina lake halitoki mdomoni wala mkononi mwa mkamwana wake, hata likiwa la mtu mwingine. Wanaita ukutila. Damari alipolazimishwa kuchapa, akaweka jina la heshima kuliko yote aliyonayo. Kisha akamfuata yeye Sedekia, akamwambia: ukiona Malafyale wa Igawa, ujue ni nani. Naye akamjibu asihofu.

"Nilimwambia asihofu, kwa sababu nilikuwa bado nasafiri na gari," alisema.

 Nilikuwa nafikiria mama yangu. Babu yangu wa Kihesa, baba yake baba, mama alimwita "yule wa juu" maisha yangu yote, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mlimani kidogo. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwambia mama ataje jina la babu, akanizaba kofi. Kwa hiyo nilikuwa najua. Nilijua tangu nina miaka sita, ila niliposoma nikadhani mambo hayo yamebaki Kihesa kwa mama.

Jumamosi, 10 Machi

Jana tulikwenda Igawa, mimi, Mzee Sedekia na dereva. Daktari alitoa gari lake mwenyewe nilipomweleza. Alisema tu nichukue vidonge vya mwezi na sindano.

Mvua ilitukamata Chimala. Barabara kuu inapitika, malori ya Zambia yanakwenda kama kawaida, lakini kutoka barabarani hadi nyumba ya mzee ni mwendo wa nusu saa kwenye matope ya mashamba ya mpunga. Viatu nilivivua. Nilibeba vidonge ndani ya blauzi visiloe, na njia nzima nilikuwa nawaza kama mpumbavu kwamba labda ni mafua tu.

Damari tulimkuta nyuma ya nyumba, chini ya upenu, ameketi na mgongo ameuelekeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo alipolala mkwe wake. Damari yuko pale tangu katikati ya Februari. Anapika uji, anauweka kizingitini, anaondoka kabla mlango haujafunguka, na dada wa huyo mzee, bibi mmoja asiyeona vizuri, anauchukua na kumnywesha. Anafua matambara yenye damu. Uso wa mgonjwa hajauona. Kikohozi chake anakijua chote.

Alisimama aliponiona. Hakunipa mkono.

"Nilikuambia Desemba," alisema.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nikasema, "Uliniambia." Akarudi kuketi.

Ndani ni giza. Mzee Jailos amekuwa mifupa na macho. Mzee Sedekia akaingia akipiga magoti, wakasalimiana kwa kwao kwa muda mrefu, mmoja akinong'ona na mwingine akilia wazi. Nilimpa vidonge. Alivimeza kimoja kimoja, kwa adabu, akashukuru kila kimoja. Sedekia akamchoma sindano, ingawa mkono ulikuwa hauna mahali pa kuchoma.

Nikamwuliza kama alikwenda kituoni siku za gari. Alikwenda. Kila Ijumaa ya dawa alitoka alfajiri na fimbo, akafika kabla ya wote. Jina lake halikusomwa. Alipomfuata mganga, akaambiwa orodha imetoka Mbeya kwenye mashine na mashine haikosei, aende Mbeya akaulize. Hakuwa na nguvu ya kufika Mbeya. Akawa anarudi nyumbani, kisha Ijumaa nyingine anakwenda tena, labda mashine imekumbuka.

Kisha akaniuliza jambo, kwa Kiswahili, ili nielewe bila Sedekia.

"Yule Malafyale alipona?"

Nikamwuliza Malafyale yupi.

"Walikuwa wanamwita mara tatu tatu pale kituoni. Malafyale, Malafyale. Watu wanacheka, wanasema machifu serikali ilishawaondoa. Mimi sikucheka. Nilisema maskini, huyu mtu dawa yake ipo na hawezi kuja kuichukua. Halafu wakaacha kumwita, nikajua amekufa."

Alipumzika. Akasema alimwombea.

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye mvua mbele ya mlango, sikwenda nyuma alikokuwa Damari, kwa sababu ukuta ni wa fito na udongo, na kila neno alilolisema yule mzee, Damari alilisikia. Nilimsikia akilia. Alilia kwa sauti ya chini sana, mdomo umezibwa na kanga, maana hata kilio chake mkwe hapaswi kukisikia.

Jumanne, 13 Machi

Mzee Jailos Mwasomola amefariki jana saa nane mchana. Dereva wa lori ameleta habari.

Jumatano, 14 Machi

Nimekwenda kwa Daktari na barua ya kuacha kazi. Ameisoma, ameikunja, amenirudishia. Amesema nikiondoka, nani mwingine anayelijua lile neno la siri? Niliirudisha barua mfukoni. Nilikuwa nimejenga mashine ambayo hata kosa lake hakuna awezaye kulirekebisha ila mimi, na miezi mitatu iliyopita jambo hilo lilinifurahisha.

Alhamisi, 15 Machi

Nimeondoa kazi ya kufuta. Nimeingia kama root, nikafungua ratiba ya yule karani, nikautoa mstari ule. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikatoa tepu ya Jumamosi, tarehe tatu Februari, nikawarudisha wote thelathini na wanane. Wale Jailos watano waliobaki nimewachapa mwenyewe.

Mzee Sedekia amerudi garini, kabanana na Kasian kiti kimoja. Kasian atamfundisha yeye kupiga sindano vizuri zaidi, naye atamfundisha Kasian watu.

Ijumaa, 23 Machi

Orodha. Jailos watatu kati ya watano wametokea. Mmoja wa Chimala amezikwa wiki tatu zilizopita. Mmoja alihama, hajulikani alikokwenda.

Jumatatu, 2 Aprili

Damari amerudi. Amekata nywele kwa msiba. Mumewe ameandika barua moja kutoka Uganda, ya Januari, anamwuliza baba yake anaendeleaje, na kama dawa anapata.

Nilimpa neno jipya la siri kwenye kikaratasi. Nikamwambia alibadilishe, asimwambie mtu, hata mimi. Nikamwomba msamaha. Sikutafuta maneno mazuri. Alinitazama mikono kama zamani.

"Barua yake nitaijibuje, dada?" akauliza. "Naye lazima nimwandikie aliyekufa ni nani."

Niliandika mimi. Alisema, nami nikaandika, na palipofika jina alinyamaza nami nikaliandika. Chini akaweka sahihi yake.

Jumatano, 4 Aprili

Nimebandua masharti ukutani. Nimefungua mtumiaji wa nne. Nimemwita mkwe. Hana neno la siri. Kitabu kinakataza kabisa, kinasema mtumiaji asiye na neno la siri ni tundu ukutani. Nimeliacha tundu. Atakayekutana na jina asiloweza kuliandika aiweke kadi kwenye sinia lililo mezani kwangu, asieleze chochote, nami au yeyote anayeweza tutaichapa kwa jina la mkwe. Nimewaambia wote watatu. Nilidhani ni kwa ajili ya Damari tu, na kadi za Damari nimekwisha kuzitengeneza. Nilitaka tu aone sinia lipo.

Mvua imeanza kupungua. Jua lilitoka kidogo saa tisa.

Ijumaa, 6 Aprili

Leo asubuhi nimekuta kadi kumi na moja kwenye sinia.

Sita ni za Lea. Tano ni za Matilda, Matilda wa kwetu Iringa anayecheka kila kitu, majina ya Kihehe matupu.  Walikuwa wameketi kwenye mashine zao, migongo wamenipa, wanachapa.

Nimezitafuta kadi zote kumi na moja kwenye orodha kuu kwa namba zake. Mmoja yupo kwa jina la Baba. Wawili kwa jina la Mkubwa. Mmoja, wa Mafinga, Matilda kamwita Yule wa Juu. Kwenye karatasi zote zilizorudi tangu Januari, mbele ya majina yote kumi na moja hakuna alama hata moja.

Gari limekwisha kuondoka. Jingine ni baada ya wiki mbili. Nimevuta kiti, nimeingia kwa jina la mkwe, nimeanza na wa Mafinga.